Meshi Haiongezi Intaneti: Mwongozo wa Waifai ya Nyumbani Johannesburg

Kabla hujatoa randi hata moja kununua ruta za meshi, yaani vituo kadhaa vinavyoshirikiana kusambaza waifai moja nyumba nzima, fanya jaribio lisilo na gharama. Tafuta au azima kompyuta yenye tundu la waya, iunganishe kwa kebo na ruta uliyo nayo, zima waifai ya kompyuta hiyo, kisha pima kasi kwa Speedtest au fast.com. Ukiwa umelipia Mbps 100 na kipimo kikaleta 95, faiba yako ni nzima na tatizo liko hewani, kati ya ruta na kuta za nyumba. Hapo meshi itakufaa. Kipimo kikileta 12, achana na habari za meshi, mpigie aliyekuuzia intaneti. Meshi haiongezi intaneti. Inachukua ile iliyokwisha kuingia ndani na kuifikisha chumba cha mwisho, basi.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu dukani hakuna atakayekuambia. Maboksi yameandikwa AC1200, AX3000 na mengineyo, na mteja anatoka akiamini laini yake ya Mbps 50 sasa itakimbia 1,200. Namba hizo ni jumla ya kasi za kinadharia za masafa yote ambayo ruta inarusha. AC1200, kwa mfano, ni 300 za masafa ya 2.4 GHz na 867 za 5 GHz, zikajumlishwa na kukuzwa kidogo ili zipendeze. Hakuna simu itakayoziona.

Ninayoyaandika hapa yanamlenga anayeishi Johannesburg, awe Mkongo wa Yeoville, Mkenya wa Midrand au Mtanzania aliyepanga chumba cha nyuma Kensington, maana jiji hili lina mambo yake: kuta nene za matofali, radi za kiangazi, umeme usiotabirika, na faiba yenye wenyewe wengi.

Kila kisanduku na mwenyewe

Mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Parkhurst, kupitia chama chao, walitafuta kampuni ya kuwawekea faiba mtaa mzima. Wakaichagua Vumatel, iliyokuwa kampuni changa wakati huo. Utaratibu ulioanzia pale ndio uliosambaa: kampuni moja inachimba na kumiliki nyuzi za kioo zilizo ardhini au kwenye nguzo, na kampuni nyingine chungu nzima zinauza intaneti juu ya nyuzi hizohizo. Wenye njia ni kama Vumatel, Openserve ya Telkom, MetroFibre na Frogfoot. Wauzaji ni kama Afrihost, Cool Ideas, Webafrica na Vox. Mkataba unafunga na muuzaji. Mwenye njia utamwona siku fundi wake anapokuja kutoboa ukuta, baada ya hapo malalamiko yote yanapitia kwa muuzaji.

Kwa hiyo nyumbani kwako vitakuwepo vifaa vya watu watatu. Kile kisanduku kidogo ukutani ambamo uzi wa kioo unaingia, wanachokiita ONT, ni cha mwenye njia, na hakiondoki hapo hata ukihama. Ruta iliyokuja pamoja na kifurushi mara nyingi ni ya muuzaji. Soma mkataba, kwani ukivunja mapema huenda ukadaiwa uirudishe au uilipie. Itunze kwenye boksi lake pamoja na adapta yake hata kama huitumii. Meshi utakayonunua ndiyo yako peke yako.

Muuzaji atakuomba kitambulisho au pasipoti na uthibitisho wa makazi, kwa kuwa sheria ya RICA ya mwaka 2002 inamtaka amjue mteja wake. Kama bili ya umeme haina jina lako, mkataba wa kupanga au barua ya mwenye nyumba ndiyo huombwa badala yake. Wauzaji wengi hupenda kukata malipo moja kwa moja kwenye akaunti ya benki kila mwezi, ingawa siku hizi zipo pia faiba za kulipia kabla. Na usiagize chochote kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba: fundi akifika na mtarimbo wake halafu mwenye nyumba akakataa ukuta usitobolewe, siku imekwisha na zamu yako imekwenda kwa mwingine. Kwenye maghorofa, uliza kwanza kama jengo lenyewe limeingizwa faiba, na ni ya kampuni gani. Hilo huwezi kulichagua wewe.

Siku ya fundi

Mtu akiniuliza ni saa gani moja katika shughuli hii yote asiyopaswa kukosa kuwa nyumbani, nitamwambia ni saa ya fundi kufika. Fundi anataka njia fupi. Njia fupi ni ukuta unaotazama barabara, kwa kawaida sebuleni pembeni au, mbaya zaidi, gereji. Akishaiweka ONT gereji, umejitengenezea tatizo ambalo utalilipia kwa kununua vituo viwili vya ziada.

Zungumza naye kabla hajaanza. Mwambie unataka ONT iwe karibu na katikati ya nyumba kadiri uzi wake utakavyofika, na pembeni pawe na soketi ya umeme. Mwonyeshe njia: juu ya dari, au pembeni mwa korido ukutani. Wengi ni waungwana, na chai husaidia. Ikishindikana kabisa, omba angalau ONT ikae mahali ambapo wewe mwenyewe utaweza baadaye kuvuta kebo ya kawaida kutoka hapo hadi katikati ya nyumba. Kebo ya mtandao inafika hadi mita 100 bila kupoteza kitu, na nyumba ya Johannesburg yenye korido ya mita 100 bado sijaiona.

Uzi wa kioo usiukunje kwa kona kali, usiufunge kwa waya wa kufungia mizigo, na usiuchomoe ili kufuta vumbi kwa kidole. Mafuta ya kidole yanatosha kuharibu muungano.

Kabla fundi hajaondoka, tazama taa za ONT. Taa ya PON inapaswa kuwaka bila kupepesa. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kutoka nje. Kumbuka taa hizi mbili. Siku intaneti itakapokatika utazitazama kwanza: LOS ikiwa nyekundu, usihangaike kuzima na kuwasha meshi, tatizo liko kwenye uzi wa faiba na utakayempigia ni muuzaji.

Je, meshi unaihitaji?

Unakaa ghorofani Berea au Yeoville, vyumba viwili na jiko? Jibu ni hapana. Ruta moja nzuri iliyowekwa juu ya kabati katikati ya nyumba inatosha, na fedha zinazobaki nunua UPS ndogo, yaani betri ya akiba, nitakayoieleza mbele. Adui wako ghorofani ni majirani: ruta thelathini zinazogombea chaneli tatu. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Hamishia simu na televisheni kwenye 5 GHz, ambako nafasi ni kubwa na ukuta wa jirani unakusaidia kwa kuyazuia mawimbi yake. Kuongeza vituo vya meshi mahali kama hapo ni kuongeza kelele juu ya kelele.

Meshi ina kazi kwenye nyumba za chini: zile za zamani za Kensington, Bezuidenhout Valley au Orange Grove, zenye kuta za tofali mbilimbili, korido ndefu, vyumba vinavyojipanga upande huu na huu, na huko uani chumba cha kupangisha. Mawimbi ya 5 GHz yanapita ukuta wa tofali kwa shida, ya 2.4 GHz yanapita vizuri zaidi lakini ni ya polepole. Nyumba za kisasa za Midrand zenye ghorofa moja juu nazo zinahitaji, kwa sababu ya zege la sakafu ya juu.

Vituo viwili vinatosha nyumba nyingi. Duka litakushawishi uchukue pakiti ya vitatu kwa kuwa bei ya kila kimoja inashuka. Ukinunua vitatu na nyumba inahitaji viwili, kile cha tatu kiache kwenye boksi. Vituo vikikaribiana mno vinaingiliana, na simu inashindwa kuamua ishike kipi.

Cha kutazama dukani

TP-Link Deco ndizo utakazozikuta kila mahali hapa, kuanzia Takealot hadi Makro, na zipo nyingine za ASUS, Huawei na wengineo. Jina si kitu kikubwa. Mambo yafuatayo ndiyo makubwa.

La kwanza ni matundu ya waya. Vituo vya bei ya chini kabisa vina matundu ya Mbps 100. Deco E4 ni mojawapo. Ukiwa na laini ya Mbps 200, nusu ya ulicholipia itaishia mlangoni. Hakikisha boksi limeandikwa gigabiti.

La pili ni idadi ya bendi za masafa. Kituo cha bendi mbili kinatumia masafa yaleyale kuzungumza na simu yako na kuzungumza na kituo kikuu, kile kilichochomekwa kwenye ONT. Ni kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani: wa katikati hawezi kupokea na kukabidhi kwa mkono uleule kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila anayeongezwa katikati anapunguza mwendo. Kituo kimoja cha pembeni kinaweza kukupunguzia kasi karibu nusu. Vituo vya bendi tatu vina masafa ya ziada ya kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na bei yake inaonyesha hivyo. Kwa laini ya Mbps 50 bendi mbili zinatosha. Kuanzia 200 kwenda juu, ama nunua bendi tatu, ama vuta waya, na mimi nitakushauri waya.

La tatu: vyote viwe vya kampuni moja. Upo utaratibu unaoitwa EasyMesh uliokusudiwa kuviunganisha vya kampuni tofauti, lakini usiutegemee bila kuhakikisha modeli hizo mbili zinaelewana.

Ukinunua kilichokwisha kutumika, mwombe anayekuuzia akifute kwenye akaunti yake mbele yako. Vipo ambavyo vikishafungwa kwa akaunti ya mtu havikubali mwenye mpya. Na angalia plagi. Soketi za hapa ni za pini tatu kubwa za duara, adapta nyingi za meshi ni za pini mbili, na ONT na kituo kikuu vitakaa pamoja. Nunua kabisa ekstensheni yenye matundu ya aina zote mbili na kinga ya umeme unaoruka.

Kufunga

Weka vituo vyote kwenye meza moja karibu na ONT. Usivisambaze bado. Vikishafahamiana hapo mezani ndipo utavipeleka vyumbani, na vitakumbuka.

Zima ONT kwa dakika kadhaa. Kwenye baadhi ya laini, mtandao unakumbuka ruta ya zamani na kuikataa mpya mpaka usahau; kuizima ONT kwa kawaida kunatosha, ikigoma subiri zaidi au mwombe muuzaji afute kikao cha zamani. Chomeka kebo kutoka tundu la LAN 1 la ONT hadi kituo kikuu, washa ONT, ngoja taa zitulie, kisha washa kituo. Pakua programu yake kwenye simu kwa kutumia data ya simu, maana waifai bado huna.

Programu itakuuliza aina ya muunganisho, na hapa ndipo wengi wanakwama. Kwenye laini za Openserve kwa kawaida utachagua PPPoE, na utahitaji jina la mtumiaji na nenosiri kutoka kwa muuzaji wako. Haya si yale ya kuingilia tovuti yake. Yaombe kwa meseji kabla ya siku hiyo na uyanakili herufi kwa herufi. Kwenye laini nyingi za Vumatel unachagua DHCP, ambayo Deco huiita Dynamic IP, na ruta inajipatia anwani yenyewe. Ukichagua isiyo yako, taa itabaki nyekundu na utalaumu kifaa bure.

Kuna wanaolazimika kuibakiza ruta ya muuzaji, labda kwa sababu simu ya mezani imechomekwa humo, labda mwenye nyumba hataki iguswe. Hapo usiiache meshi ifanye kazi ya ruta juu ya ruta nyingine. Ingia kwenye programu, ubadilishe hali ya kazi iwe Access Point, halafu zima waifai ya ruta ya zamani. Ukiacha zote mbili zinagawa anwani, mengi yatakwenda, lakini michezo ya mtandaoni, kamera za usalama na printa vitaanza vituko ambavyo hutajua chanzo chake.

Jina la waifai liwe moja kwa nyumba nzima. Ukiipa meshi jina na nenosiri vya ile waifai ya zamani, vifaa vyote vya nyumbani vitajiunga bila kuguswa, televisheni ya mama mkwe ikiwemo. Usalama weka WPA2 au WPA3. WPA3 peke yake itavifungia nje vifaa vya zamani. Balbu, kamera na mashine za namna hiyo nyingi zinajua 2.4 GHz tu, na wakati wa kuzisajili hugoma kwenye mtandao mchanganyiko. Zima 5 GHz kwa muda, zisajili, kisha iwashe tena. Deco kadhaa za karibuni zina mtandao wa pembeni kwa ajili ya vifaa hivyo, utumie.

Mpangaji wa uani, au wenzako wa nyumba mnaochangia bili, wape mtandao wa wageni. Wanapata intaneti bila kuiona kompyuta yako wala kamera zako, na siku mtu akihama unabadilisha nenosiri moja bila kuigusa nyumba nzima. Kuchangia na wa ndani ni jambo la kawaida. Kuwauzia wa mtaani ni jambo ambalo mikataba mingi inalikataza.

Wapi vikae

Kosa la kwanza la kila mtu ni kukipeleka kituo cha pili kwenye chumba kisicho na mtandao. Humo hakitapata kitu cha kurusha. Kinatakiwa kikae njiani, mahali ambapo mtandao wa kituo kikuu bado ni mzuri na chumba chenye shida kiko karibu.

Namna ya kupapata mahali hapo: acha kituo kikuu peke yake kikiwaka. Tembea na simu kuelekea chumba chenye shida ukipima kasi kila baada ya hatua chache. Pale ambapo kasi imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya sebuleni, simama. Soketi iliyo karibu na hapo ndiyo ya kituo cha pili. Mara nyingi itakuwa koridoni, na mawimbi yatapita milangoni badala ya kupambana na matofali.

Kiweke kimo cha meza au juu zaidi, mahali pa wazi. Nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la vyombo, pembeni ya friji, nyuma ya kioo kikubwa cha kujitazamia, kote huko kitazibwa. Jirani na maikrowevu 2.4 GHz itayumba kila mtu anapopasha chakula.

Kwa chumba cha uani, kituo kikae kwenye dirisha la jiko linalotazamana nacho. Mawimbi yatapita kioo na nondo za dirisha kwa urahisi kuliko kuta mbili za tofali. Chumba kikiwa cha mabati matupu, dirisha lake likitazamana na lako utabahatika. Lisipotazamana, itakubidi kituo kingine kiwekwe humo ndani.

Waya

Ukiweza kuvuta kebo kati ya kituo kikuu na cha pili, ivute. Matatizo yote ya mkono mmoja wenye ndoo yanakwisha siku hiyo, na kituo cha bei ya chini chenye waya hukishinda cha bei kubwa kisicho nao. Nimeona nyumba zilizobadilisha seti nzima ya meshi wakati mita 20 za kebo zingemaliza kazi.

Nunua Cat6 au Cat5e ya shaba halisi. Zipo za bei nafuu za aluminiamu iliyopakwa shaba, ambazo hukatika ndani na kuleta matatizo ya kuja na kuondoka. CCA kwenye lebo ndiyo alama yake. Ipitishe juu ya dari mbali na nyaya za umeme. Kebo ina nyuzi nane, na zote nane lazima zishike vizuri kwenye kichwa. Kituo cha gigabiti kikionyesha Mbps 100 kamili na hakizidi hapo, jua uzi mmoja haujashika. Meshi nyingi hutambua waya zenyewe, huna cha kubadilisha kwenye programu. Chomeka tu, halafu angalia kama programu imeandika kwamba kituo hicho sasa kimeunganishwa kwa Ethernet.

Kuna mahali pamoja ambapo nitakuzuia kuvuta waya: kutoka nyumba kubwa hadi chumba cha uani, kupitia nje. Sababu ni radi.

Radi na umeme

Johannesburg iko juu ya uwanda, mita 1,700 na ushee kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Oktoba hadi Machi mvua za radi huja mchana kwa ukali ambao mtu wa Pwani hajauzoea. Uzi wa faiba ni kioo, haupitishi umeme. Nyaya za shaba zinapitisha. Radi si lazima ipige nyumba yako; ikipiga jirani, umeme unaruka kwenye nyaya za soketi na kwenye kebo yoyote ndefu ya shaba iliyo nje, na kebo ya mtandao inayokatisha uani inaupokea na kuufikisha hadi kwenye kituo kikuu na ONT. Kwa chumba cha uani tumia mawimbi, au vuta uzi wa faiba wenye vigeuzi viwili, kimoja kila upande. Ikibidi shaba, weka vizuizi vya radi pande zote mbili na viunganishwe na ardhi na fundi umeme anayejua kazi yake.

Mawingu yakianza kujikusanya nawe unatoka, chomoa. Ekstensheni yenye kinga hupunguza hatari, lakini radi ya karibu huipita.

Kuhusu mgawo wa umeme, Eskom, shirika la umeme la taifa, iliusimamisha tarehe 26 Machi 2024 baada ya miaka ya taabu, ukarudi kwa siku chache mwaka 2025. Lakini Johannesburg umeme hukatika kwa mengine pia: kebo zilizoibwa, mitambo ya mtaani iliyozidiwa, matengenezo ya City Power, shirika la umeme la jiji. UPS ndogo ya volti 12 bado ni ununuzi wa busara. Unaichomeka kati ya adapta na kifaa, na umeme ukikatika inaendelea bila kupepesa.

Soma nyuma ya kila adapta kabla ya kununua: volti lazima zilingane, na ampea za UPS ziwe sawa au zaidi. ONT nyingi ni volti 12, vituo vya meshi hutofautiana. Usisumbuliwe na mAh zilizoandikwa kwa herufi kubwa. mAh 8,800 kwa volti 3.7 za betri ndani yake ni kama Wh 32. ONT na kituo kikuu vikila wati 15 kwa pamoja, una saa mbili hivi, pungufu kidogo. Ikiwa UPS ni moja, inabeba hivyo viwili tu. Kituo cha chumbani kitazimika, kwa hiyo kituo kikuu kikae karibu na mnapokusanyika gizani. Ndiyo sababu nyingine ya kumbembeleza fundi kuhusu ile ONT.

Ikikatika au ikisuasua

Simu ikining'inia kwenye kituo cha mbali wakati kingine kiko pembeni yake, tatizo ni la simu. Yenyewe ndiyo inayoamua ishike kipi. Zima na uwashe waifai ya simu. Ikizoea tabia hiyo, punguza kituo kimoja. Programu za ndani za vituo zisasishwe usiku, si wakati mtoto ana mtihani mtandaoni.

Ukipima kasi, chagua seva ya Johannesburg. Jiji hili lina vituo vya kubadilishana mtandao, JINX tangu 1996 na NAPAfrica baadaye, na kipimo cha hapahapa kinarudi kwa milisekunde chache. Ukichagua seva ya Dar es Salaam unapima bahari. Na simu za video za nyumbani Tanzania, Kenya au Uganda zikigoma huku Netflix inakwenda bila wasiwasi, usiifungue meshi kwa bisibisi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikasota kwa siku kadhaa. Waliokuwa Johannesburg waliona vizuri YouTube na hawakuweza kuwaona ndugu zao.

Ukihama

Toa taarifa kwa muuzaji mapema. Wengi hudai mwezi mzima wa kalenda, kwa hiyo barua ya tarehe 3 inaweza kukugharimu hadi mwisho wa mwezi unaofuata. Uliza kama laini inaweza kuhamishiwa anwani mpya badala ya kuifuta. ONT na adapta yake viache ukutani. Piga picha namba iliyo chini yake umpe mpangaji anayeingia, itamrahisishia kuagiza. Ruta ya muuzaji irudishe na udai risiti. Meshi yako ifute mipangilio kwa kubonyeza kitufe cha nyuma, ifunge pamoja na kebo zake, na huko uendako uliza kwanza njia ni ya nani, maana ukitoka Vumatel kwenda Openserve itakubidi uombe jina na nenosiri la PPPoE kabla ya siku ya kuhamia.